Tabaka Moja au Mawili: Nani Aamue?

Kabla ya daktari Max Sänger wa Leipzig kutetea nyuzi mwaka 1882, mfuko wa uzazi uliopasuliwa ili kumtoa mtoto mara nyingi uliachwa bila kushonwa, na wanawake wengi walikufa kwa damu na maambukizi. Leo hubishaniwa kama ushonwe kwa tabaka moja la nyuzi au mawili. Utafiti wa CORONIS, wa wanawake karibu 16,000 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, haukuona tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili, hata baada ya miaka mitatu. Takwimu zikinyamaza hivyo, mazoea ya daktari hayatoshi kuamua. Maumivu, kovu na mimba ijayo vitamkabili mama. Ana haki ya kuelezwa. Dharura haina nafasi ya mashauriano marefu, kwa hiyo wajibu wa kumweleza uanzie kliniki ya wajawazito.