Israfu Iliyo Ukutani

Liko swali ambalo vitabu vya twahara havikulazimika kulijibu, kwa kuwa zamani maji ya moto yalitoka jikoni chunguni na mwogaji akayaona kwa macho yake: maji yanayomwagika kabla mtu hajaanza kuoga ni israfu ya nani? Tuchukue nyumba ya siku hizi yenye mabafu manne. Hita imefungwa karibu na jiko, na bafu la wageni liko upande wa pili kabisa, mita 20 za bomba ukihesabu kupanda na kushuka. Bomba la PPR la milimita 25, ambalo fundi akiachiwa atalitandaza nyumba nzima, hubeba takriban robo lita kwa kila mita. Anayefungua koki ya moto alfajiri hana budi kwanza amwage lita 5 zilizopoa. Akimaliza na kufunga, lita 5 nyingine za moto hubaki bombani, zikapoa zikimsubiri mwenzake.

Tuziweke lita hizo kwenye mizani ya dini. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kwa hesabu za Kishafii, madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, kibaba hakifiki lita moja na pishi haizidi lita 3. Kwa hiyo katika bafu lile la mwisho, maji yanayotosha josho kamili la sunna, na kuzidi, yamekwisha kuteremka kwenye tundu la sakafu kabla mwogaji hajatia nia. Mabafu mawili ya mbali yakitumika mara mbili tu kwa siku kila moja, ni lita 20 kila siku na lita 7,300 kwa mwaka: matangi saba ya lita elfu moja, na ziada. Na hapo sijauhesabu umeme. Kupasha moto lita 5 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni moja ya tano ya uniti, nayo hupotelea ukutani kila mara.

Mwogaji hana kosa. Hakuna mtu anayelazimishwa na sheria kuoga maji ya baridi Lushoto au Njombe mwezi wa Julai. Hoja yangu ni kwamba israfu hii ilitendwa zamani, siku ramani ilipochorwa, na mwenye kuulizwa juu yake ni aliyeamua hita ikae wapi na mabafu yakae wapi.

Mwanafunzi wa fiqhi atanipinga hapa kwa kanuni anayoijua vizuri: akikutana mtenda wa moja kwa moja na msababishi, hukumu humwangukia mtenda. Mmoja amechimba shimo, mwingine amemsukuma mtu ndani. Anayelipa ni aliyesukuma. Vivyo hivyo, atasema, mchoraji alichora tu, aliyemwaga ni aliyefungua koki. Pingamizi hili lina uzito, lakini kanuni hiyo haijasimama peke yake. Mafakihi haohao wamesema kwamba mtu akichimba shimo katika njia ya watu bila idhini, mpita njia akatumbukia mwenyewe, dhamana ni ya mchimbaji, ingawa aliyetembea kwa miguu yake ni mpita njia. Sababu ni kwamba mtembeaji hakujua na hakufanya uadui. Bomba lililofukiwa chini ya plasta na marumaru ni shimo la aina hiyo. Mgeni anayelala usiku mmoja halioni, hakulichagua, na hana njia ya kulikwepa ila kuacha kuoga.

Pingamizi la pili ni la nia. Hakuna mchoraji aliyekusudia kupoteza maji, na matendo hupimwa kwa nia. Hilo nalikubali kwa mtu asiyejua. Lakini sisi sote huamini, bila kuomba dalili zaidi, kwamba aliyechimba kisima cha wakfu huendelea kupata thawabu kaburini kila anapokunywa mtu asiyemjua, ingawa hawezi kumnuia kila mnywaji. Tukiikubali hesabu hiyo inapotuletea faida, tuna udhuru gani wa kuikataa inapotudai?

Wapo pia watakaosema kwamba huu ni mjadala wa matajiri, kwani mabafu manne ni habari ya wachache na jirani yao anachota kwa ndoo. Ndiyo, na ndoo ndiyo shahidi wangu bora. Anayeoga kwa ndoo na kopo anaona kina kinapungua. Kitako cha ndoo humwambia basi. Bomba halina kitako. Teknolojia imemwondolea mtu mzigo wa kubeba maji, na pamoja na mzigo imeondoa kipimo, kwa hiyo kipimo hakina budi kirudishwe mahali pengine, nako ni mezani kwa mchoraji. Tusione kwamba habari za mabomba ni duni kwa dini, kwani fiqhi haijawahi kuona haya kuingia jikoni. Wanazuoni wa Kishafii walijadili hata maji yaliyopashwa na jua katika vyombo vya madini, wengi wakayahesabu makuruhu kwa kuchelea barasi, na Imamu Nawawi, wa madhehebu hayohayo, akaiona dalili yake dhaifu. Wenye hita za jua juu ya paa wanapaswa kumshukuru.

Atabaki muuza pampu ya kuzungusha maji, ambaye atasema tatizo limekwisha. Halijakwisha. Pampu inayozunguka usiku kucha huokoa maji kwa kupoteza moto, na hiyo ni kuhamisha israfu kutoka mfuko huu kwenda ule. Iwe ya kubonyezwa mtu anapohitaji, hapo ina maana. Lakini ya bei nafuu kuliko zote ni kupanga mabafu yapeane mgongo, ya ghorofa ya juu yakae juu ya yale ya chini, hita ikae katikati yao, bomba la kwenda koki moja liwe jembamba na livishwe sponji ya kuzuia joto, na bafu lililojitenga lipewe hita yake ndogo.

Basi mwenye ramani mkononi leo na aweke rula kati ya hita na koki ya bafu la mwisho, na afuate njia ya bomba, si ya kunguru. Zikizidi mita kumi, aihamishe hita ingali alama ya penseli.