Kadari haimfutii mtu dhamana

Msimu wa mvua uliopita nilikwenda Nyansurura, mkoani Mara, kumtembelea ndugu yangu. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya duka. Kijana wa duka akadeki sakafu ya saruji kwa maji ya sabuni, akaiacha imelowa. Akaja mama mtu mzima kununua chumvi, akateleza, akavunjika mkono. Mwenye duka akampa pole, kisha akasema: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Sote tukaitikia, nami mwalimu wa dini nikiwemo.

Ndugu msomaji, kauli ile haijanitoka. Kweli, kila jambo ni kwa kadari. Lakini hata mwizi akikuibia ni kwa kadari. Mbona twampeleka polisi?

Wapo wanaotoa hoja kwa Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayedhurika kisimani au mgodini hana fidia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameifafanua: hiyo ni kwa aliyechimba katika ardhi yake au ardhi isiyo na mwenyewe. Aliyechimba katika njia ya watu au milki ya mwingine bila idhini anawajibika. Na katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, amewajibisha pia anayetupa maganda ya tikiti njiani, mtu akayateleza.

Mtu atasema baraza ile ni milki ya mwenye duka. Sawa. Lakini humo humo katika Minhaj, aliyechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake, kisha akamwalika mtu akatumbukia, kauli yenye nguvu ni kwamba anawajibika. Na mwenye duka je, si amewaalika wateja?

Huko Chicago theluji huanguka kutoka mbinguni, wala hakuna aliyeimwaga. Hata hivyo sheria ya mji inamtaka mwenye jengo aiondoe kwenye njia ya wapitao mbele yake. Sembuse maji tuliyoyamwaga wenyewe!

Kadari ni faraja ya aliyeanguka, si ngao ya aliyemwaga. Mwenye duka anadaiwa gharama za matibabu ya mama yule. Nami ninadaiwa pia, kwani maji niliyaona, na neno "angalia, pana utelezi" lisingenigharimu kitu.

Wallahu a'alam.