Nani Ampishe Mwenzake?

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na katika vikao vya michoro ya majengo usemi huo hutawala bila kutamkwa. Mhandisi wa miundo hufika na boriti zake za chuma; sisi wa mabomba tunaambiwa tutafute njia. Kwa miaka mingi ya kazi hii nimefikia kuamini kwamba nani ampishe nani ni swali la haki, wala si la ufundi peke yake.

Chukua bomba la majitaka la inchi 4. Ili lisizibe, nalilaza kwa mteremko wa sentimita 2.5 kila mita. Likisafiri mita 8 juu ya dari limeshuka sentimita 20, na hapo ndipo linapokumbana na boriti. Nyaya za umeme zitapinda. Maji safi yanasukumwa na pampu, yatapanda na kushuka. Majitaka hayana ila uzito wake: ukiyalazimisha kupanda yatatuama, kisha yatamrudia mtu chooni.

Boriti nayo isionewe. Mabapa yake ya juu na ya chini ndiyo yanayoizuia isipinde. Ukiyakata, umehatarisha roho za watu. Lakini bamba linaloyaunganisha, likitobolewa katikati ya kimo chake, mbali na nguzo, kwa hesabu ya mhandisi na tundu likatolewa karakana, huendelea kubeba mzigo. Mwenye nguvu ana nafasi ya kutoa ambayo mnyonge hana.

Aristotle, katika maandishi yake ya maadili, aliwataja wajenzi wa kisiwa cha Lesbos na rula yao ya madini ya risasi, iliyojikunja kufuata umbo la jiwe. Aliifanya mfano wa uadilifu unaotazama hali halisi pale sheria ya jumla inapopungukiwa. Nami nasema: apishe yule awezaye kupisha na bado akatimiza kazi yake, hata akiwa ndiye mkubwa.

Tena apishe mapema. Mstari kwenye mchoro hufutwa mara moja. Chuma kikishasimama, fundi mwenye gesi atakata pale mkono wake unapofika. Ndiyo maana sikubali kikao kifungwe kwa maneno "mtamalizana saiti." Anayesema hivyo ameukwepa uamuzi wake, akamtwika kibarua asiyeijua hesabu, na watakaokaa chini ya boriti ile hakuna aliyewauliza.