Mshale Ukipata, Mshale Ukikosa

Watoto ninaowafundisha upinde hapa Kibiti huanza na mambo mawili: kutovuka mstari mpaka mshale wa mwisho utue, na la kusema ukishatua. La kwanza halina mjadala. Katika wilaya iliyokuwa ikizika watu waliopigwa risasi mwaka 2017, mzazi ana haki ya kujua mwanawe anashikishwa nini. La pili ndilo linaloniletea maswali.

Pinde zetu ni za mkole, mishale ni ya matete ya kando ya mto, shabaha ni kiroba kilichojazwa pumba za mpunga. Mtoto anasimama ubavu, mkono wa kushoto umenyooka, anavuta upote mpaka kidole cha shahada kiguse pembeni mwa mdomo. Wanaoanza karibu wote hukosea palepale: wakiachia tu, wanainua kichwa kuona mshale unakwenda wapi, na upinde nao unanyanyuka. Mshale unapita juu ya kiroba. "Upepo, Ustadhi!" Lakini ukipata, upepo hautajwi kabisa. "Nimepata!"

Mimi nawataka waseme kinyume chake. Ukipata, sema Alhamdulillahi. Ukikosa, sema "mimi".

Msingi wake ni Qur'ani. Katika Al-Anfal, aya ya 17, Mtume anakumbushwa kuwa katika vita vya Badr alipotupa, aliyetupa hasa ni Mwenyezi Mungu. Na An-Nisaa, aya ya 79, inafundisha kuwa jema hutufika kutoka kwa Mungu, na baya hutokana na nafsi zetu. Binti mmoja, hodari wa kusoma kuliko wa kulenga, akanijia na aya inayotangulia: "Ustadhi, aya ya 78 si inasema yote yanatoka kwa Mungu? Sasa mshale wangu uliokosa ni wa nani?"

Ningeweza kumjibu kama nilivyojibiwa mimi chuoni, kwa mafundisho ya Imamu Ash'ari: Mungu ndiye anayeumba tendo, mja analichuma. Ni jibu zito, ila mtoto aliyeshika upinde anataka kujua afanye nini sasa hivi. Nikamwambia, mwanangu, aya ya 78 inatuambia uwezo ni wa nani. Ya 79 inatuadabisha sisi, tusijivune kwa tulichopata wala kuukimbia mkono wetu tukikosa. Sioni ugomvi kati ya aya hizo mbili.

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walioitwa Wastoa nao walikuwa na mlenga shabaha wao. Mrumi Cicero ameueleza mfano huo. Mlengaji afanye yote yaliyo katika uwezo wake, wema wake umo humo, hata mshale usipofika. Nusu yake naikubali. Lakini mtoto wa Rufiji aliyekaa dunguni kuamia mpunga huwezi kumwambia kuwa kupata si kitu. Nguruwe wakiingia usiku mmoja, chakula cha nyumba nzima kimekwenda. Kupata lazima akutake kwa moyo wote, kisha alichokipata asikifanye chake.

Ila kanuni yangu hii ina sumu, na watu wameshainywa, ng'ambo tu ya Daraja la Mkapa. Kule Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya kuzishinda risasi za Wajerumani, na pamoja na maji, miiko: wasilale na wanawake, wasipore. Mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na Vita vya Majimaji vikaendelea hadi 1907. Wenye mikuki, mishale na magobole walipoanguka mbele ya bunduki za rashasha, ikasemwa wamevunja miiko. Maiti akabebeshwa lawama, na aliyefyatua risasi akasahauliwa.

Kwa hiyo "mimi" nalifungia mahali pamoja: ni neno la mtu juu ya mshale wake mwenyewe. Hakuna ruhusa ya kuligeuza likawa "wewe". Mwalimu anaweza kusema "kichwa!" au "kiwiko!", kwa kuwa kumrekebisha mtu mkono hakufanani na kumhukumu kwa lililomfika. Mtoto akimzomea mwenzake kwa kukosa, anaweka upinde chini mpaka zamu ipite.

Mwaka ule wa 2017 nilikaa misibani nikasikia watu wazima wakinong'ona kuwa marehemu lazima alikuwa na lake. Wengine walikuwa wacha Mungu, na walidhani wanatetea uadilifu wa Mungu. Hawakuwa wakiutetea, walikuwa wakijihakikishia kuwa wao hayatawafika. Hilo nimewaeleza wazazi pia, bila kuzunguka, maana mtoto akiisikia minong'ono hiyo nyumbani ataiingiza kiwanjani Jumamosi.