Kofi Si Ushahidi

Hapa Mbugani, wilayani Kyela, jioni zetu zimebadilika. Zamani, kazi ya mpunga na kakao ikiisha, tulikaa na wazee kusikiliza hadithi; siku hizi vijana hukusanyika mbele ya televisheni. Jioni moja tuliketi nao wakitazama mchezo wa polisi. Mpelelezi alimkamata mtuhumiwa, akamzaba makofi, akamkaba koo. Mtuhumiwa akakiri kuwa ndiye aliyeua. Vijana wakashangilia. Tukawauliza: je, lau mtu yule asingekuwa na hatia, asingekiri? Wakanyamaza.

Tuutazame basi ukimya ule. Je, ni halali kuutafuta ukweli kwa njia ya dhuluma?

Swali hili si geni katika nchi ya Wanyakyusa. Wazee wetu walikuwa na mwafi. Mtu aliyeshutumiwa kwa uchawi alinyweshwa dawa hiyo. Akiitapika, alihesabiwa kuwa safi. Asipoitapika, alihesabiwa kuwa na hatia. Tusiwacheke. Walitaka kilekile tukitakacho sisi, yaani amani kijijini. Kosa lao ni kuuuliza mwili jambo ambalo mwili haulijui. Tumbo halijui nani kaua. Shavu nalo halijui. Kofi la mpelelezi ni mwafi uliovikwa sare.

Fasihi yetu inatuonyesha njia nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyotolewa mwaka 1960, Bwana Msa hana cheo cha polisi. Ana kiko chake, macho yake na subira yake. Husikiliza, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, ndipo aamue.

Wala haya si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa katika juhudi za kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Nia ilikuwa njema. Lakini baadhi yao waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa waliowahoji. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu. Waliokosa walikuwa chini yake, naye akaibeba dhamana. Taifa halikumdharau kwa hilo: mwaka 1985 lilimchagua kuwa Rais. Na Katiba yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 1984, inakataza mtu kuteswa, na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika.

Atakuwapo atakayesema: bila kofi, muuaji ataponyoka. Huenda. Lakini aliyeponyoka leo aweza kukamatwa kesho. Asiye na hatia akifa leo, kesho hatuwezi kumfufua. Tena, kila ungamo la uongo humpa muuaji wa kweli nafasi ya kulala usingizi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na hakuna njia iliyo fupi kuliko kofi.

Kwa hiyo, enyi walimu, msiwakataze vijana michezo hiyo. Tazameni pamoja nao. Na mpelelezi anapomtaja muuaji, wazoezeni kuuliza, kabla ya kushangilia: amejuaje?