Sahani ya Mnyonge
Msafiri atokaye Kerenge, wilayani Korogwe, afikapo Kariakoo, Dar es Salaam, hukuta migahawa mingi, na fedha yake haizidi mlo mmoja. Aamini nini? Rangi ya ukuta hununuliwa, na wingi wa walaji huweza kufuata bei tu. Heri atazame sahani ya mnyonge: wali na maharage. Viungo vya pilau huweza kusitiri kosa la mpishi. Wali mweupe hauna maficho. Huko Tokyo, wajuzi wa soba, tambi za Kijapani, hupenda kuzionja baridi, kwa mchuzi kidogo, kwa sababu hiyo hiyo. Ampikiaye vema mwenye fedha kidogo hapiki kwa malipo peke yake. Hupika kwa dhamiri. Mlango wake ndio wa kuingia.