Ufunguo Uliokaa Mfukoni Mwangu

Somo: Kutoka 18:13-26; Hesabu 27:18-20

Leo najihubiria mwenyewe kwanza, kwa hiyo msinionee haya mkisema amina.

Mnakumbuka nilipolazwa Mombasa siku 19. Ufunguo wa ofisi ulikuwa mfukoni mwangu, na daftari la sadaka limefungiwa ndani. Wiki ya pili dada yetu mmoja akafiwa na mtoto. Mazishi yakangoja mpaka kesho yake, kwa sababu hapakuwa na mtu hapa Mokowe aliyethubutu kushika Biblia kaburini. Mzee mmoja akanipigia simu: "Mchungaji, tusome wapi?" Mzee aliyeokoka kabla yangu! Nililia pale kitandani. Si kwamba hajui Neno. Ni mimi niliyemzoesha kwamba kazi hiyo ni yangu peke yangu.

Musa naye aliketi kuamua watu toka asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro akamwona, akamwambia hilo si jema. Angalia sababu aliyotoa: utachoka wewe, na watu hawa watachoka pia. Sisi watumishi tunapenda kusikia kwamba tumechoka. Kwamba tunawachosha watu, hilo hatulipendi. Dada yule alichoshwa na mimi siku ya msiba wake. Nimemwomba msamaha, na leo naomba mbele yenu nyote.

Musa alisikia (si wakwe wote wanaosikilizwa hivyo, haleluya), akaweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Baadaye Mungu akamwagiza aweke sehemu ya heshima yake juu ya Yoshua mbele ya watu wote. Musa alikuwa hai bado! Hakungojea kufa.

Nasi watu wa Lamu tunalijua jambo hili toka baharini. Kijana hapandi jahazi leo akawa nahodha kesho. Anaanza kwa kufua maji, anajifunza kamba na tanga, anaujua kaskazi na kusi. Halafu siku moja nahodha anamwachia sukani pale Mkanda, maji yamejaa, naye ameketi karibu. Sikiza hapo: ameketi karibu. Hakwenda kulala. Maji yakipwa mahali pa kina kifupi chombo kinakwama, na hiyo si saa ya kumwachia mwanafunzi.

Ndiyo sababu tukaanza mafunzo ya Jumamosi jioni, watu sita. Tunajifunza kuongoza mazishi, kuhesabu sadaka wawili wawili na kuandika, kusuluhisha ugomvi wa nyumba, na kuendesha kikao kikaisha kwa wakati. Hili la kikao bado linatushinda. Ndugu mmoja alihubiri dakika saba, akasahau yote, akaketi. Jumapili iliyofuata akasimama tena. Mama mmoja anayeuza viazi karai alishika daftari letu miezi mitatu, na sasa chama cha wanawake sokoni kimemfanya mweka hazina. Kanisa limepata, na yeye nyumbani kwake amepata.

Mmoja wa wale sita amehamia Mombasa, na nimesikia mkisema, "Mchungaji amefundishia watu wengine." Basi someni Matendo 13. Antiokia waliwatoa Barnaba na Sauli, si wale waliobaki bure.

Tangu gati la kwanza la bandari lilipofunguliwa mwaka 2021, tunalalamika kwamba wakubwa wanaletwa kutoka kwingine. Pengine ni haki yetu. Lakini mimi nilikuwa na kanisa zima mkononi na sikumwandaa hata mmoja, basi nikinyoosha kidole nakirudisha.

Jumapili ijayo neno litaletwa na yule ndugu wa dakika saba. Mimi nitaketi benchi la nyuma. Na ufunguo wa ofisi sasa uko kwa mzee.